Fisi na Tani Mbili za Barafu

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Fisi alijenga Bungoma, ukielekea Chwele. Nyumba ya matofali, paa la mabati, dari hakuna, kwa sababu pesa za dari alizila kwa nyama choma. Ikifika saa nane mchana, mwezi wa pili, mabati yalialika ta! ta! kwa jua, naye Fisi akalala sakafuni ulimi nje.

Siku moja akasikia habari za kiyoyozi. Akaingia dukani na swali moja tu: “Kikubwa kabisa ni kipi?” Akaonyeshwa cha BTU 24,000. Akalipa, akakibeba. Mnamjua Fisi.

Kilipowashwa, chumba kikawa baridi kufumba na kufumbua, mashine ikazima. Joto likarudi, ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Mwili wa Fisi ukasisimka kwa baridi, lakini mashuka yalikuwa na unyevunyevu na ukuta ukaanza kuota ukungu. Tokeni za umeme nazo zikayeyuka. Akampigia simu Sungura, fundi wa Kitale.

Sungura alipanda matatu akiwa na sweta. Walipopita Kiminini alifungua vifungo, Kamukuywa akaivua, na Webuye akaomba dirisha lifunguliwe. Si ajabu, wajukuu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, Bungoma kama 1,400, na hewa huongezeka joto nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Kwa hiyo kati ya miji hii miwili pana tofauti ya nyuzi tatu hivi, kwa sababu ya mwinuko peke yake.

“Fundi, nimeuziwa mashine mbovu,” Fisi akalalamika.

“Mashine ni nzima, mzee. Kilichokosekana ni kipimo.”

Akamweleza kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto la ndani na kulitupa nje, na BTU ndicho kipimo cha mzigo huo. Njiti moja ya kiberiti ikiungua yote hutoa joto la karibu BTU moja. Basi mashine ya BTU 9,000 huhamisha, kila saa, joto la njiti 9,000.

“Na hii yangu?”

“Hii ni ya tani mbili. Zamani watu walipoozea vyumba kwa barafu, na tani moja ya kiyoyozi, yaani BTU 12,000 kwa saa, ni nguvu ya kuyeyusha tani ya barafu kwa siku nzima, tani ile ya Marekani ya kilo 907. Wewe umeingiza tani mbili za barafu kwenye chumba cha kulala.”

Fisi akameza mate.

Na ule unyevu? Hapa Sungura alikaa kitako, maana ndiyo sehemu anayoipenda. Mwaka 1902, mhandisi kijana Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani. Kilichowasumbua wachapaji ni unyevu: karatasi zilivimba na kunywea, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Hewa ikipita kwenye mabomba baridi huacha maji yake, ndiyo yale yanayodondoka nje kwenye kimpira. Lakini kazi hiyo inataka muda. Mashine kubwa mno hufikia baridi iliyoagizwa na kuzima kabla maji hayajatoka vya kutosha. Kila ikiwaka upya, kompresa hunyonya umeme kwa pupa.

Sungura akatoa futi. Mita nne kwa nne, mita mraba 16. Mafundi wengi huanza na BTU 600 kwa kila mita mraba, ikawa 9,600. Kisha huongeza au kupunguza: dirisha linalotazama jua la jioni huongeza, watu wakizidi wawili, BTU 600 hivi kwa kila anayezidi (na ukoo wa fisi mnaujua), kivuli hupunguza. Hesabu hiyo ni ya mahali pa joto kama Mombasa, ambako hata usiku hewa haipoi sana. Bungoma usiku hupoa wenyewe.

“Lakini mabati matupu yataharibu hesabu yoyote,” akasema. “Piga dari kwanza, uache matundu ya hewa juu yake. Weka pazia zito upande wa magharibi. Halafu 9,000 inatosha, na pengine hutaihitaji.”

Habari zikamfikia Ndovu wa pango la Kitum, Mlima Elgon, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi. Alikuwa amejenga nyumba Kitale, naye akataka kiyoyozi. Sungura alifika, akafungua madirisha mawili yanayotazamana, upepo ukapita, akafunga begi lake.

“Mzee, nunua blanketi.”

Fisi bado anatafuta mnunuzi wa tani zake mbili. Ameshauriwa aulizie Mombasa, kwa mwenye ukumbi.