Nyuki bustanini: Kibarua asiyedai mshahara

WAKULIMA wengi tunapopiga hesabu za shamba huandika mbegu, mbolea, dawa, maji na vibarua. Hakuna anayeandika nyuki. Mimi nimesomea uchumi wa kilimo chuo kikuu, nikafundishwa kupanga gharama na mapato hadi senti ya mwisho, na bado nyuki sikuwahi kumweka kwenye daftari langu. Nilimkumbuka siku nilipomkosa.

Nyuma ya nyumba yangu mjini Morogoro nina kieneo kidogo cha bustani. Msimu mmoja nilipanda mashina 20 ya maboga. Masika yalikuwa mazuri, majani yakatanda mpaka ukutani na maua ya njano yakajaa. Nilipoona vidukari wachache chini ya majani, nilikwenda duka la pembejeo nikanunua dawa ya kuua wadudu. Nikawa napulizia saa mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nikarudia kila wiki bila hata kukagua kama vidukari bado wapo.

Viboga vilitokea, lakini vilipofikia ukubwa wa yai la kuku viligeuka njano na kuanguka. Nikadhani ni mbolea, nikaongeza. Nikadhani ni maji, nikamwagilia. Mwisho wa msimu nilivuna maboga matatu. Nilipogawanya gharama zangu, kila boga moja lilikuwa limenigharimu mara kadhaa ya bei ya sokoni.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Kilimanjaro wakati maua yakiwa bado yapo. Asubuhi moja alisimama bustanini, akatazama huku na huku, akaniuliza: "Mwanangu, mbona hapa kimya hivi? Nyuki wako wako wapi?" Sikuwa na jibu.

Boga halizai lenyewe

Mboga (ndivyo mmea wa boga unavyoitwa) una maua ya aina mbili katika shina moja. Ua dume lina kikonyo chembamba na ndani yake mna unga wa njano unaoitwa chavua. Ua jike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Chavua ya maboga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Lazima mdudu aitoe kwenye ua dume na kuifikisha kwenye ua jike.

Muda wenyewe ni mfupi. Maua hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamekwisha kujifunga. Ua jike lisipotembelewa asubuhi hiyo, kiboga chake hufa. Kwa hiyo saa mbili asubuhi, wakati mimi nafungua bomba la dawa, ndio wakati nyuki walikuwa kazini. Niliwaua vibarua wangu mwenyewe, tena kwa dawa niliyoilipia.

Matikiti maji na matango mengi yana tabia hiyo hiyo. Nyuki wakiwa wachache tunda linaweza kufunga, lakini hukua upande mmoja, likapinda au kusinyaa kwenye ncha. Mchuuzi anayekuja kununua huliweka pembeni au hulichukua kwa bei ya kutupa. Hapo hasara haionekani shambani, inaonekana kwenye mzani na mfukoni.

Parachichi nalo, ambalo sasa limekuwa zao la biashara Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, lina maua ya ajabu. Ua la aina ya Hass hufunguka kama jike asubuhi, likajifunga, kisha kesho yake mchana likafunguka kama dume. Aina ya Fuerte hufanya kinyume chake. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuchanganya aina hizi shambani. Lakini hata ukichanganya, bila wadudu wa kuhamisha chavua, maua mengi yatapukutika bure.

Si mazao yote yanayohitaji msaada huo. Mahindi huchavushwa na upepo, na maharage kwa kiasi kikubwa hujichavusha. Hata hivyo, kati ya kila aina nne za mazao makuu ya chakula duniani, tatu hutegemea wachavushaji kwa kiwango fulani.

Tunachoweza kujifunza kihambani

Mama alishangaa ukimya wa bustani yangu kwa sababu yeye amezoea kihamba. Huko kwao migomba, kahawa, maparachichi, mboga na miti mikubwa kama mringaringa hukua pamoja kuizunguka nyumba. Katika vihamba vya Wachaga watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani.

Kwa mwenye haraka, kihamba huonekana kama fujo. Kiuchumi, fujo hiyo inalipa. Utafiti uliofanyika katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha mibuni iliyofunikwa kwa nyavu na iliyoachwa wazi. Pale ndege na popo walipoweza kufika na kula wadudu waharibifu, maua yaliyofunga tunda yaliongezeka kwa takriban asilimia 9. Pale nyuki na wachavushaji wengine walipofika, uzito wa tunda uliongezeka kwa takriban asilimia 7. Kahawa huuzwa kwa kilo, na nyongeza hiyo haikununuliwa dukani.

Pamoja na faida hiyo, kuna raha yake. Kukaa kibarazani jioni ukiona chozi wakifyonza maua na vipepeo wakipita juu ya mnanaa ni mapumziko ambayo mjini watu hulipia kiingilio.

Nilichofanya, nawe unaweza

Kwanza, nilibadili upuliziaji. Sasa nakagua chini ya majani kabla ya kugusa bomba. Vidukari wakiwa wachache nawaosha kwa maji ya sabuni. Ikibidi kutumia dawa, nasoma kibandiko na napulizia jioni, maua yakiwa yamefungwa na nyuki wamerudi mzingani. Tukumbuke kwamba nyuki huruka kilomita kadhaa, hivyo anayekufa kwangu huenda ametoka kwenye mzinga wa jirani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Pili, niliacha maua yawepo mwaka mzima. Nyuki hawezi kungoja wiki tatu za maboga halafu ashinde njaa miezi iliyobaki. Nimepanda alizeti, mbaazi, mlonge, kivumbasi na giligilani. Giligilani na figili chache huwa naziacha zichanue badala ya kung'oa zote. Gharama yake ni mbegu za kiganja kimoja.

Tatu, niliweka maji. Sahani pana yenye kokoto inatosha, kokoto zikiwa juu ya maji ili nyuki asizame. Yabadilishwe kila siku mbili ili mbu wasizaliane.

Nne, niliacha kufagia kila kona. Nyuki wengi hawaishi mzingani. Wapo wanaochimba vishimo kwenye udongo mtupu na wapo wanaotaga kwenye mianzi mikavu au kutoboa magogo. Hao wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wachavushaji hodari wa pasheni ya njano. Waachie gogo kavu ili wasitoboe boriti za nyumba yako.

Anayetaka mzinga asiuweke karibu na mlango, zizi au njia ya watoto, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika ni wakali. Kwenye eneo dogo, nyuki wadogo wasiouma wanafaa zaidi. Asali yao ni kidogo, lakini bei yake huwa juu ya ile ya kawaida.

Tusiwafukuze wengine

Bustani ya namna hii huvutia wageni wasiopendwa. Kinyonga huogopwa na bundi huitwa ndege wa mikosi, wote wakapigwa mawe. Lakini kinyonga hashibi ila kwa wadudu, na bundi chakula chake kikubwa ni panya wanaomaliza mahindi yako ghalani. Kuwaua ni kuwafukuza walinzi wako.

Kipepeo naye kabla ya kuwa kipepeo ni kiwavi, na kiwavi hula majani. Ukiona viwavi wawili watatu kwenye mlimau mkubwa, waache. Mti utachipua. Ni kwenye miche michanga tu ndipo uwaondoe kwa mkono.

Wapo watakaouliza kama vipepeo wenyewe ni biashara. Wanakijiji wa Amani, milima ya Usambara Mashariki, waliwafuga na kuuza pupa wao nje ya nchi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na soko lao likafungwa. Kwa hiyo nashauri faida ya vipepeo na nyuki itafutwe kwanza ndani ya bustani, katika tunda lililofunga vizuri. Soko la boga lipo mtaani kwako.

Msimu uliofuata nilipanda mashina 20 yale yale, mbolea pungufu na dawa karibu hakuna. Maboga yalitosha nyumbani, mengine nikauza kwa mama lishe wa mtaani, na majani tulikula muda wote. Kwenye daftari langu sasa kuna mstari wa nyuki. Upande wa gharama nimeandika mbegu za giligilani na sahani ya maji.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Kabla hujaenda tena duka la pembejeo, amka saa moja asubuhi, simama dakika kumi penye maua ya maboga yako na uhesabu nyuki wanaoingia. Ukikuta kimya, anzia hapo.