Samaki wa Ufipa: Maji Yapi Yanalipa?

MFANYABIASHARA anayefika Sumbawanga kwa mara ya kwanza kutafuta samaki hukutana na jambo la kushangaza. Mji uko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake ni ya mahindi, maharage na ngano, lakini sokoni dagaa, migebuka na magege ni bidhaa ya kawaida. Samaki hao hawakuvuliwa Ufipa juu. Wamepandishwa mlima kwa gari.

Nyanda za juu za Ufipa zimekaa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika na mashariki Ziwa Rukwa, yote mawili yakiwa chini ya mji wa Sumbawanga kwa karibu mita 1,000. Mwenye mtaji mdogo ana maji ya aina tatu ya kuchagua: mito ya juu, Rukwa na Tanganyika. Kila moja lina kalenda yake, na wengi hupoteza fedha kwa kutoijua kalenda hiyo hata pale ambapo samaki wapo.

Mito ya juu

Mito inayoanzia Ufipa ni mingi. Kalambo huteremka kwenda Tanganyika, na Momba huishia Rukwa. Samaki wamo, hasa wadogo wadogo, na kambale kwenye madimbwi na mabonde ya majani. Kwa mwenye ndoano hayo ni maji mazuri ya kupata kitoweo, lakini hayawezi kujaza gari.

Sababu ni mbili. Kwanza, maji ni ya baridi na mito yenyewe ni midogo. Pili, samaki wa ziwani hawawezi kupanda. Maporomoko ya Kalambo, yaliyo mpakani na Zambia, yana kimo cha zaidi ya mita 200, na hakuna samaki anayeyapita kwenda juu. Baridi hiyo hiyo humsumbua anayechimba bwawa. Perege na sato hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi, na maji yakipoa hula kidogo na kuchelewa kukua. Mwenye bwawa Sumbawanga asipange hesabu yake kwa miezi ya kuvuna inayotajwa na wafugaji wa maeneo ya joto.

Ziwa Rukwa

Bonde la Rukwa, penye vijiji kama Muze, Mtowisa na Ilemba, ni la joto. Ziwa lake lina kina kifupi, maji yake yana magadi, na halina mto unaotoka. Samaki wake wa biashara ni magege na kambale.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea huishi kwa mvua. Mwaka 1929 Rukwa lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 50 tu, na miaka kumi baadaye, mwaka 1939, takriban kilomita 130. Kwa kuwa ufuko ni tambarare, maji yakipanda kidogo humeza eneo kubwa, na yakishuka kidogo huuacha mwalo mbali na ziwa. Maji yanapoingia kwenye majani, samaki hupata mahali pa kuzaliana na chakula. Yanapokauka hubanwa sehemu ndogo, na kuvuliwa kwao huwa rahisi mno.

Kwa mfanyabiashara somo ni moja: Rukwa si mahali pa kujenga ghala la matofali ufukweni. Inafaa kukodi, kununua kwa msimu na kuhama pamoja na wavuvi. Mamba na viboko nao wamo, hivyo mgeni asishuke majini bila mwenyeji.

Ziwa Tanganyika

Mzigo mkubwa unatoka Tanganyika, kwenye mialo ya Kasanga, Kala, Kipili na Kirando. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, lakini samaki huishi tabaka la juu tu. Kuanzia takriban mita 100 hadi 200 kwenda chini, maji hayana hewa ya oksijeni.

Rutuba nayo imelala huko chini. Upepo wa kusini-mashariki wa kati ya Mei na Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, ambako ndiko Kasanga, maji ya chini hupanda na rutuba yake. Vijimea hustawi, wadudu wadogo huvila vijimea, dagaa hula wadudu, na migebuka hula dagaa.

Mnyororo huo umedhoofika. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kuwa joto la ziwa lilikuwa limeongezeka na maji kuchanganyika kidogo zaidi. Ulikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulipungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Uvuvi wa kupita kiasi umeongeza mzigo juu ya tatizo hilo.

Mwezi, mvua na tarehe

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki, na wavuvi wengi hupumzika. Mnunuzi anayefika mwaloni mwezi ukiwa mpevu hulipa nauli na chakula bila kupata mzigo.

Mvua za Ufipa na mwambao hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi hiyo dagaa huweza kuvuliwa wengi lakini jua la kuwakausha likakosekana. Kalenda imebanwa zaidi na serikali. Mwaka 2024, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, Tanzania ilisimamisha uvuvi Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane.

Jua lilikuja wakati ziwa linafungwa. Mwezi ulikuwa mpevu Aprili 24 na mwezi mpya ukawa Mei 8, kwa hiyo mnunuzi wa dagaa wa kukausha alikuwa na takriban wiki mbili tu zenye giza na jua kwa pamoja. Aliyekwenda na fedha mkononi wakati huo alipata nafasi, na aliyekuwa bado anasubiri mkopo aliikosa.

Hesabu ya kukausha

Kwa kawaida kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Tuseme mchuuzi amenunua kilo 400 akitarajia kupata 100. Mvua ikiharibu robo ya mzigo, hubaki na kilo 75, na gharama ya kila kilo huwa imepanda kwa theluthi moja kabla ya kulipa gari na ushuru. Wenye kuanika kwenye chanja, badala ya mchangani, hupata dagaa safi, hukausha haraka na huweza kufunika mvua inapokuja.

Mwenye kuhifadhi mzigo kwa ajili ya kipindi cha kufungwa atunze stakabadhi zote za manunuzi na ushuru, kwani samaki sokoni wakati ziwa limefungwa lazima waulizwe walikotoka. Pia auze mapema. Ziwa likifunguliwa, mzigo mpya huingia na wa zamani hukosa bei.

Kwa mtaji mdogo, basi, Tanganyika ndiyo yenye mzunguko mzuri, Rukwa ni ya msimu, na mito ya juu ibaki ya kitoweo. Kabla ya kutoa shilingi, mfanyabiashara amwone ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu leseni na tarehe za mwaka huo, azungumze na viongozi wa mwalo, kisha aangalie mwezi uko wapi.