Fiziolojia, Somo la Binadamu Lililojaa Wanyama

Mtoto akiharisha, muuguzi hukoroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama, kisha humwambia mama amnyweshe kidogo kidogo. Chumvi iliyomo inaeleweka, kwa kuwa mtoto anaipoteza chooni. Lakini sukari ni ya nini? Haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo mwembamba una vilango vya protini vinavyopitisha chumvi na glukosi kwa pamoja, na zikishaingia, maji huzifuata. Vilango hivyo huendelea kufanya kazi hata mgonjwa anapokuwa hoi kwa kipindupindu.

Aliyeueleza utaratibu huo mwaka 1960 ni mtafiti wa Marekani, Robert Crane, na utumbo aliouchunguza haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Fiziolojia ndiyo elimu hiyo: kujua mwili unafanyaje kazi, uwe wa mtu au wa mnyama. Anatomia humwonyesha mwanafunzi figo ilipo na umbo lake. Fiziolojia humuuliza figo zinawezaje kuchuja lita zipatazo 180 kwa siku, na bado mtu akatoa lita moja au mbili tu za mkojo. Somo hili husomwa na madaktari watarajiwa pale Muhimbili, na wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na pia wanafunzi wa uuguzi, famasia na zoolojia. Katika udaktari, kitabu kinachotajwa sana ni cha Arthur Guyton, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1956. Guyton alikuwa akisomea upasuaji alipopatwa na polio iliyomwachia ulemavu. Akageukia kuchunguza mzunguko wa damu, na huko ndiko alikopata jina.

Anayelisoma somo la fiziolojia kwa kukariri hupata shida, kwa sababu mtihani humtaka afuate tukio kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua majeruhi wa bodaboda aliyepoteza damu nyingi. Presha ikianza kushuka, vipokezi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo huutaarifu ubongo. Ubongo huuamuru moyo uongeze mapigo na mishipa ya ngozi ijibane, ili damu iliyobaki iende kunakohitajika zaidi. Figo nazo huzuia chumvi na maji yasitoke, na kiu hupanda. Mikono ya baridi, mapigo ya haraka na mdomo mkavu ni mwili unaojitetea, na daktari aliyeelewa hilo hatangoja presha iporomoke ndipo achukue hatua.

Mbona basi wanyama? August Krogh wa Denmark, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alifundisha kwamba kwa maswali mengi ya fiziolojia yupo mnyama anayefaa zaidi kuyajibu. Anayetaka kujua moyo unavyostahimili presha kubwa amtazame twiga, ambaye presha yake ni kama mara mbili ya ile ya binadamu, na bado haimletei madhara ambayo presha ya namna hiyo ingemletea mtu.

Mfano mzuri kuliko huo uko Ziwa Magadi, kilomita mia moja na kitu kutoka Nairobi. Maji yake ni ya magadi makali, yenye pH inayokaribia 10, na mengine hububujika ya moto kutoka chini ya ardhi. Humo anaishi samaki mdogo jamii ya perege. Samaki wengi wa maji baridi hutoa taka ya protini ikiwa amonia, ambayo hupenya matamvua na kupotelea majini. Katika maji ya Magadi njia hiyo imeziba, na amonia ikibaki mwilini ni sumu. Mwaka 1989, watafiti, akiwamo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza katika jarida la Nature kwamba samaki huyu huigeuza taka yake yote kuwa urea, kemia ileile inayofanyika ndani ya ini la binadamu. Mwanafunzi aliyechoshwa na mzunguko wa urea ubaoni angeuelewa vizuri akisimama ukingoni mwa ziwa lile.

Maloiy huyohuyo alishiriki utafiti mwingine uliotoka mwaka 1986, safari hii juu ya watu. Wanawake wa Kiluo, wanaobeba mzigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaoubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, walipimwa oksijeni waliyotumia wakitembea. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, yaani kilo 12 kwa mwenye kilo 60, haukuwaongezea matumizi ya oksijeni. Maelezo yalikuja mwaka 1995. Katika kila hatua mwili hupanda na kushuka kama bembea, na wabebaji hao, wakiwa na mzigo, huitumia vizuri zaidi nguvu ya kushuka kusogea mbele. Utafiti wa baadaye Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wabebaji wote, na mjadala bado upo. Hata hivyo hakuna aliyesema ndoo ni nyepesi. Shingo na mgongo vina gharama zake, na oksijeni haizipimi.

Tafiti hizi za samaki na za wabebaji zilifanyika hapa Afrika Mashariki, na mmoja wa waandishi wake ni mtu wa hapa. Si haki mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret amalize shahada bila kuzisikia, huku akijua kwa kina majaribio ya chura yaliyofanyika Ulaya. Wahadhiri waziingize katika mihadhara, na vyuo vitenge fedha za basi kuwapeleka wanafunzi Magadi angalau mara moja kabla hawajahitimu.