Taulo Bichi Juu ya Kitanda: Vitundikio na Rafu Chache Vinavyotunza Nyumba

Miongoni mwa kazi anazozifanya katibu wa kamati ya msikiti bila ya kazi hizo kuandikwa popote katika katiba, ni kukaa katika vikao vya suluhu na kuyaandika yaliyosemwa. Katika daftari letu mna mashauri ya mirathi, ya mipaka ya viwanja na ya posa zilizovunjika. Lakini mwaka uliopita, hapa kwetu Tanga, tuliletewa shauri ambalo wazee wawili wa kamati nusura walicheke. Mke alikuwa amefungasha nguo zake na kurudi kwa wazazi wake, akiwa na watoto wawili, na alipoulizwa sababu, neno la kwanza alilolitaja lilikuwa ni taulo.

"Ustadh," alisema akitutazama sisi tulioshika kalamu, "kila siku nakuta taulo bichi juu ya kitanda. Godoro limeota ukungu. Nimesema mpaka ulimi umechoka."

Mume hakukana. Aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole, "Wazee wangu, kosa ni langu. Ila naomba na mimi niulize swali moja: nilitundike wapi?"

Swali hilo lilitunyamazisha sote. Wenye shauri hili wameturuhusu tulieleze, kwa sharti la kutowataja majina, na tunalieleza kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zinaishi na swali hilohilo bila ya kulitamka.

Tulipozidi kuuliza, yaliyokuwa nyuma ya taulo yakadhihiri. Mke alitaka kabati kubwa la milango mitatu, na kwa kuwa fedha haikuwapo, alikuwa ameshachukua fomu kwa mkopeshaji mmojawapo wa ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mume alikataa katakata, akiiogopa riba na akiogopa kudaiwa hadharani. Mke akaufasiri ukataaji ule kuwa ni kutojali unadhifu wa nyumba. Mume akayafasiri malalamiko ya mke kuwa ni kutoridhika na kipato chake. Taulo likawa ndilo linalosemwa kila siku, na deni likawa ndilo linaloogopwa kila siku.

Imamu wetu hakutoa hukumu usiku ule. Aliagiza twende tukaitazame nyumba, tukiwa na mzee mmoja wa kamati ambaye ni seremala.

Tuliyoyakuta

Ilikuwa chumba na sebule ya kupanga, kama nyumba nyingi za mitaa yetu. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mmoja uliobeba kanzu, buibui, mkoba na mwavuli. Nguo za watoto zilikuwa katika viroba vilivyosimamishwa pembeni. Msahafu uliwekwa juu ya televisheni kwa kukosa mahali pengine. Watu wanne walitumia mataulo mawili, na mtoto mdogo alikuwa akijikuna upele katikati ya vidole. Wakati huohuo, mvungu wa kitanda ulikuwa mtupu, isipokuwa feni mbovu na viatu visivyovaliwa, na kuta tatu hazikuwa na kitu kabisa. Mzee seremala alizungusha macho, akasema, "Hapa pana nafasi tele. Palipokosekana ni pa kutundika."

Kwa nini taulo lisiachwe bichi

Taulo la pamba limefumwa kwa vijitanzi vingi vidogo ili linywe maji, na kwa sababu hiyohiyo halitoi maji upesi. Taulo kubwa la kuogea likiloa sawasawa huweza kuzidi uzito wa kilo moja. Likikunjwa au kurundikwa, hewa haipiti kati ya mikunjo. Na huku pwani, hasa miezi ya masika, hewa yenyewe imeshajaa unyevu. Hapo ndipo harufu ya uvundo na madoa meusi ya ukungu yanapozaliwa, na unyevu ukihamia kwenye godoro, kuuondoa ni taabu.

Kuna na jambo la afya. Upele na mashilingi huweza kuambukizwa kwa kuchangia taulo. Trakoma, maradhi ya macho yanayoweza kuleta upofu, nayo husafiri kwa mikono, kwa nzi na kwa vitambaa vya kufutia uso. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea nchini, kutochangia mataulo kulikuwa ni katika nasaha zilizosikika kila mahali. Kwa hiyo kila mmoja katika nyumba awe na taulo lake, na kila taulo liwe na mahali pake panapojulikana. Kwa watoto, rangi tofauti hutosha; asiyejua kusoma jina lake huijua rangi yake.

Tena yupo msomaji atakayelifahamu hili haraka: bafu nyingi za kupanga zimeunganishwa na choo. Taulo lililobandikwa juu ya mlango huanguka sakafuni, na anayetaka kuswali hubaki na shaka iwapo limeshika najisi. Kitundikio madhubuti humwondolea mtu wasiwasi huo kabla haujaanza.

Kuchagua kitundikio

Jambo la kwanza ni umbo. Kulabu inafaa kwa kanzu, buibui na mkoba, lakini taulo likining'inizwa kwenye kulabu hujikusanya na kubaki bichi katikati. Taulo linataka fito, yaani mti au bomba lililolala, ili litandazwe. Taulo la kawaida la mtu mzima lina upana wa sentimita 70 hivi na urefu wa sentimita 140. Kwa hiyo fito la sentimita 75 au 80 hulitandaza lote bila ya kulikunja.

Pili ni kimo. Fito la watu wazima likiwa sentimita 120 kutoka sakafuni, taulo lililokunjwa mara moja juu yake litashuka sentimita 70 na kubakisha nafasi ya kutosha chini. La watoto liwe karibu na sentimita 90, wafike wenyewe. Mtoto asiyefika hufundishwa na urefu wa fito kwamba kupanga vitu ni kazi ya mama peke yake.

Tatu ni umbali kutoka ukutani: usipungue sentimita 7, hewa ipite pande zote mbili. Mafito yakiwa mawili, moja litangulie mbele na jingine libaki nyuma, mataulo yasilaliane.

Nne ni mali iliyotengenezewa. Chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa huvutia dukani, lakini rangi ikikwaruzika, kutu huanza, na kwa chumvi ya hewa ya pwani haichelewi; kisha taulo jeupe hupata madoa yasiyotoka. Stenlesi ya kweli hudumu zaidi ila bei yake ni ya juu. Alumini haishiki kutu jekundu na ni nyepesi. Mti wa msaji au mninga uliopigwa msasa na vanishi unafaa sana nje ya bafu. Asiye na uwezo wa hivyo, bomba la plastiki la maji lililofungwa miisho na kupitishwa kamba ya nailoni litamtumikia vizuri. Kamba ya katani, fahari ya mkoa wetu, tunaipendekeza kwa rafu za ndani. Bafuni hunywa maji na kuoza.

Tano ni mahali. Bafu lisilo na dirisha si pa kuacha taulo. Fito liwekwe ukuta wa nje ya bafu au karibu na dirisha linalopokea upepo, na mara mbili au tatu kwa wiki taulo litolewe juani. Lifuliwe baada ya kutumiwa mara tatu au nne. Na dawa za kulainisha nguo zitumike kwa uchache, kwani huacha utando unaolizuia taulo kunywa maji.

Ukuta ni wa mwenye nyumba

Mpangaji asitoboe ukuta bila ya idhini. Nyumba ni mali ya mtu, na tundu moja lisiloombwa limeshaharibu ujirani wa miaka. Wenye nyumba wengi, wakiombwa kwa adabu na kuahidiwa kwamba tundu litazibwa siku ya kuhama, hukubali. Akikataa, ipo stendi ya mbao inayosimama yenyewe, na ipo ile ya kuning'inia juu ya mlango, isiyotaka msumari.

Kwa ukuta wa tofali la saruji, fundi atoboe kwa drili, aingize kile kibomba kidogo cha plastiki ndani ya tundu, kisha skrubu. Msumari mtupu hulegea kwa uzito wa taulo bichi. Kwa nyumba kongwe za mawe na chokaa, ukuta humomonyoka. Hapo ni bora kwanza ufungwe ubao mrefu kwa skrubu nyingi, kisha fito lifungwe kwenye ubao. Pima maji itumike ili fito lisiinamie upande. Na asitoboe mtu moja kwa moja juu au chini ya swichi ya umeme, kwani aghalabu ndimo nyaya zipitamo.

Maarifa ya wazee

Kuna wanaodhani kupanga nyumba ni jambo la majarida ya kigeni. Lugha yetu inawashuhudia kinyume. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina vidaka vilivyochongwa ukutani kwa safu, vikipokea vyombo na vitabu bila ya kuchukua hata shubiri ya sakafu. Wazee walikuwa na susu la kuning'iniza chakula mbali na paka, kichanja cha kukaushia vyombo, na kasha la misumari ya shaba lenye kijisanduku cha ndani kwa hati na vito. Na kuhusu nafasi iliyo chini ya kitanda, walituachia wosia mzima: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tulilofanya katika nyumba ile lilikuwa ni kuyarudia maarifa hayo. Mzee seremala aliunda sanduku mbili bapa zenye magurudumu kwa ajili ya mvungu, zikiinuka sentimita chache kutoka sakafuni kwa kuhofia unyevu na mchwa: moja ya nguo za watoto, moja ya mashuka. Juu ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu anayepatazama, alifunga rafu moja nyembamba. Hapo ukapanda Msahafu na vitabu vya watoto vya madrasa. Ubao wenye kulabu sita ulichukua nafasi ya ule msumari mmoja. Mafito mawili yalifungwa kando ya dirisha la sebule, la juu na la chini, na mataulo mawili mengine yakanunuliwa.

Tunaongeza tahadhari moja. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende katika nguo ni sumu, na mtoto huviona kama pipi. Tena mvuke wake unaweza kuwadhuru baadhi ya watoto wachanga. Karafuu chache zilizofungwa katika kitambaa zatosha kuipa nguo harufu nzuri.

Kabla ya kununua, punguza

Kabla ya msumari wa kwanza kupigwa, tuliwaomba wenyewe watoe kila kitu nje na kukigawa mafungu matatu: kinachotumika, kinachoweza kumfaa mwingine, na kilichokufa. Viatu na nguo zilizowapita watoto zilijaza kiroba kizima cha sadaka. Feni mbovu ilikwenda kwa fundi. Yaliyobaki yalikuwa machache kuliko wenyewe walivyodhani, na mke ndiye aliyesema, bila ya kuulizwa, kwamba kabati la milango mitatu lingekosa cha kujaza.

Gharama ya mbao, skrubu, kulabu na mataulo, pamoja na ujira ambao mzee alitaka kuukataa na mume akamsihi aupokee, haikufikia hata malipo ya mwanzo ya kabati lile. Fomu ya mkopo ilirudishwa bila ya kutiwa saini. Mke alirejea nyumbani kwake siku ya tisa.

Hatudai kwamba ndoa hutengenezwa kwa mbao. Wale wawili walikuwa na mengine ya kuzungumza, na waliyazungumza mbele ya wazee wao kwa vikao viwili zaidi. Lakini tumejifunza kwamba mtu huweza kulaumiwa miaka mingi kwa tabia, ilhali alichokosa ni fito moja ukutani. Na kwamba anayelalamika juu ya taulo huenda anauliza iwapo bado anasikilizwa.

Usiku tuliporudi kutoka katika nyumba ile, tuliikuta kanzu yetu ya Ijumaa imelala juu ya kiti tulipoiacha asubuhi, na mama watoto akaitazama, kisha akatutazama, asiseme neno. Asubuhi yake tulimpigia simu mzee seremala. Alitwambia tusubiri zamu, kwa sababu wale wazee wawili waliotaka kucheka walikuwa wameshatangulia.

Wabillahi tawfiq.