Zamu ya kuitwa: haki yako na wajibu wako

Ni saa nane usiku. Mama aliyejifungulia nyumbani analetwa kituoni akitokwa damu nyingi. Mkunga wa zamu yuko peke yake. Anampigia mwenzake aliyepangwa kuitwa usiku huo, simu imezimwa. Mlinzi anatumwa mbio, naye hajui nyumba. Mama wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Kama wewe ni mkunga, mhudumu wa afya au dereva wa gari la wagonjwa, kukubali zamu ya kuitwa ni kukubali kupatikana. Chaji simu mapema, usinywe pombe, usitoke kambini bila kumwarifu msimamizi. Ukiugua, sema mapema apangwe mwingine. Na tafadhali, kubadilishana zamu kwa mdomo tu bila kuandika kwenye ratiba kuachwe kabisa.

Nawe pia una haki zako. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kazi ya siku moja isizidi saa 12, pamoja na saa za ziada. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, upumzike saa 12 mfululizo. Mipaka hiyo hulegezwa kwa dharura isiyoweza kungoja saa za kawaida, kwa hiyo usimwache mgonjwa kitandani eti saa zimetimia. Lakini upungufu wa watu wa kila wiki si dharura, ni ratiba mbaya.

Je, kusubiri ni kazi? Mwaka 2000 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya madaktari wa Hispania: anayetakiwa kusubiri ndani ya kituo yuko kazini muda wote, anayesubiri nyumbani huhesabiwa saa alizofanya kazi tu. Hukumu hiyo haitufungi sisi, ila muulize msimamizi swali hilo kabla ya kutia saini.

Wengi wetu hapa hupokea posho, si mshahara. Basi soma mkataba wako. Kama haujataja zamu za kuitwa, omba iandikwe zinahesabiwaje, nani atakusindikiza usiku (akina mama hasa), na utapumzika lini. Ukikesha na mgonjwa, mwambie msimamizi asubuhi, kabla hujashika sindano.