Kompyuta Kuukuu Ikigoma Kuwaka

Kompyuta ya mezani ya zamani ikigoma kuwaka, watu hukimbilia kusema imekufa. Hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Kati ya kubonyeza kitufe na kuona picha kwenye skrini kuna hatua nyingi, kila moja ikisubiri iliyoitangulia, na mashine huonyesha dalili za mahali ilipokwama. Anayezijua hatua hizo hana haja ya kununua vipuri kwa kubahatisha.

Yote huanzia kwenye pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kitufe cha mbele hakiwashi umeme moja kwa moja. Hupeleka ombi tu. Saplai huamka, husubiri volti zitulie kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hutuma ishara kwamba umeme uko sawa. Bila ishara hiyo prosesa haianzi kazi, hata kama feni zinazunguka. Na kwa mitumba inayotoka Marekani, tazama kwanza nyuma ya saplai: nyingi za zamani zina swichi nyekundu yenye 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa Dar es Salaam au Nairobi, saplai huungua kwa kishindo.

Ishara ikifika, prosesa husoma bayosi, programu iliyo kwenye chipu ya ubao mkuu, nayo hukagua vifaa. Picha ikiwa bado haijapatikana, bayosi husema kwa milio. Mmoja mfupi kwa kawaida ni salama. Inayojirudia mara nyingi hulalamikia RAM au kadi ya picha. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, safisha meno yake kwa kifutio laini, uirudishe hadi vishikizo vifunge.

Dalili inayonivutia kuliko zote ni ya mashine inayogoma asubuhi, ikabonyezwa na kubonyezwa, hatimaye ikawaka na kufanya kazi hadi jioni. Hapo zishuku kapasita, vile vimkebe vya alumini vinavyoizunguka prosesa na kuutuliza umeme usipande na kushuka. Ndani yake mna majimaji yanayopitisha umeme. Yakikauka, ukinzani huongezeka, hasa kapasita ikiwa baridi. Kila jaribio la kuwasha huipasha moto kidogo, hadi mashine inaamka. Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu, kwa hiyo vumbi lililoziba feni lina gharama kubwa. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipata balaa la ziada: kapasita nyingi za wakati huo zilikuwa na majimaji mabovu yaliyotoa gesi. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Kapasita mbovu mara nyingi huonekana kwa macho: kichwa huvimba au huvuja utomvu wa kahawia. Fundi mwenye mkono mzuri wa lehemu huzibadilisha, mradi asikosee volti wala upande wa hasi.

Saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaua.

Mashine ikiwaka huku tarehe imerudi miaka mingi nyuma, betri ya CR2032 kwenye ubao imekwisha. Bayosi husahau mipangilio yake, na kivinjari hukataa tovuti kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Badilisha betri, urekebishe tarehe.

Lakini bayosi ikipita salama kisha diski ikaanza kugongagonga, acha kabisa kuwashawasha. Kila jaribio linaweza kukwangua sahani zilizobeba picha na nyaraka zako. Itoe, iunge kwenye kompyuta nzima kwa adapta ya USB, na unakili kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote.