Barua ya Tovuti Yako Isiishie Kwenye Spamu

Tuseme mnunuzi wa vinyago aliye Ujerumani amefungua tovuti ya muuzaji wa Wamunyu, akajaza fomu ya kuulizia bei, akabonyeza kutuma. Tovuti inamwandikia papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na nakala inamwendea muuzaji. Barua zote mbili zinaangukia kwenye folda ya spamu. Mnunuzi anaona amepuuzwa, naye muuzaji analalamika kuwa biashara ni mbaya. Hasara ya namna hii haiandikwi kwenye daftari lolote, ndiyo maana shule, hoteli na maduka mengi ya hapa Machakos yanaweza kuishi nayo bila habari.

Anayeigundua mara nyingi hukimbilia kubadilisha maneno: anafuta neno "ofa", anapunguza herufi kubwa. Maneno yana uzito wake, lakini kwa barua za tovuti tatizo kubwa ni utambulisho. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe hadi leo, uliandikwa mwaka 1982, na haukuweka njia ya kuthibitisha kwamba anayejitaja kuwa mtumaji ndiye kweli. Kinga zilikuja baadaye, na ziko tatu.

Ya kwanza ni SPF. Ni mstari mmoja unaowekwa kwenye DNS, yaani rekodi za mtandaoni za jina la tovuti yako, unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina hilo. Hapa kuna kosa linalojirudia sana: biashara inahamishia barua pepe zake Google, fundi anaongeza mstari mpya wa SPF na kuuacha ule wa zamani. Jina moja linatakiwa liwe na mstari mmoja tu wa SPF. Ikiwa miwili, ukaguzi unafeli. Iunganishe.

Ya pili ni DKIM, nayo ni sawa na muhuri kwenye barua ya chifu. Seva inatia kila barua sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri, na anayepokea anaihakiki kwa ufunguo wa wazi ulio kwenye DNS yako. Barua ikichezewa njiani, sahihi inakataa. DKIM ina faida nyingine: barua ikipitishwa kutoka anwani moja hadi nyingine, SPF huvunjika kwa urahisi, lakini sahihi hubaki ikiwa barua haikuguswa. Ya tatu, DMARC, inadai kwamba jina analoliona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji lilingane na lile lililothibitishwa na SPF au DKIM, na inamwambia mpokeaji afanye nini lisipolingana: aiache barua ipite, aiweke kando au aikatae.

Sasa irudie fomu ya mawasiliano, maana ndiyo inayoponza wengi. Fomu nyingi huweka anwani ya mgeni kama mtumaji. Mgeni anatumia Yahoo, na seva yako inatuma barua ikijifanya Yahoo. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeagiza barua kama hizo zikataliwe. Dawa yake ni fupi: mtumaji awe anwani ya jina lako mwenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibiwa.

Tatizo jingine ni seva ya pamoja. Ukilipia huduma ya bei nafuu, tovuti yako hukaa kwenye mashine moja na nyingine nyingi, na zote hutuma kwa anwani moja ya IP. Moja ikidukuliwa na kumwaga barua taka, anwani hiyo huingia kwenye orodha nyeusi kama zile za Spamhaus, nawe unaadhibiwa kwa kosa la jirani. Kwa maoni yangu, tovuti ya biashara isiachiwe itume barua yenyewe. Iunganishe kwa SMTP yenye nywila na huduma ileile inayobeba barua pepe zako.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi wawe na kinga zote tatu, na waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kwa Gmail, hao ni wanaopeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku. Malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, yaani barua tatu katika kila elfu. Kwa hiyo usimwandikie asiyekuomba. Hata sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inazuia kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake au idhini ya sheria.

Kujipima ni rahisi. Jaza fomu yako mwenyewe kwa anwani ya Gmail, fungua barua kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, kisha uchague kuona barua asilia. Mbele ya SPF, DKIM na DMARC panapaswa kuwa na neno PASS.

Rekodi za kinga hizo tatu huwekwa kwenye DNS, na DNS iko mikononi mwa mwenye akaunti ya jina la tovuti. Wafanyabiashara wengi hawana akaunti hiyo. Fundi aliwasajilia kwa jina lake, kisha akabadilisha namba ya simu. Kama jina lako linaishia na .ke, ulizia KENIC, wasimamizi wa majina ya .ke, ni nani aliyeandikishwa kuwa mmiliki. Kama si wewe, anza na hilo kabla ya kumlipa mtu yeyote akurekebishie barua pepe.